Mdomo Uhame, Magoti Yabaki

Paukwa!

Pakawa.

Sikusikia. Nimesikia kikohozi, na mtu mmoja anatafuna. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa najua mpo. Watoto sogeeni mbele. Na nyie wakubwa mnaojifanya mmekuja kuwachukua watoto, kaeni tu, nawajua, mnataka kusikiliza.

Hapo zamani, zamani za kale zilizokwisha kuchakaa, palikuwa na kijiji cha ngiri. Kijiji kiliitwa Kichuguuni. Nyumba zake zilikuwa mashimo, kila shimo na mlango mmoja.

Ngiri wa Kichuguuni walikuwa na adabu zao. Walikula wamepiga magoti. Mkubwa magoti, mdogo magoti. Aliyekula amesimama aliitwa mshenzi, na mama yake akasemwa mpaka jioni. Tena nyumbani hawakuingia kichwa mbele. Hata kidogo. Unafika mlangoni, unageuka, unatanguliza mkia, unarudi nyuma, su, su, su, mpaka ndani, uso wako umebaki unatazama nje. Na mgeni vilevile. Mgeni alipopiga hodi, mwenyeji alijibu, "Karibu, geuka."

Ukiwauliza kwa nini, walisema, "Ndivyo tulivyolelewa." Ukiwauliza tena, walisema, "Ndivyo damu yetu ilivyo." Ukiwauliza mara ya tatu walikwambia huna adabu. Basi watu wakaacha kuuliza.

Katika kijiji hicho aliishi Bi Mashavu. Bi Mashavu alizaa mara mbili, na mara mbili mafuriko yalimchukulia watoto. Mwaka mmoja mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Maji yakajaa korongoni. Bi Mashavu akaenda kusimama ukingoni, kama alivyokuwa akifanya kila masika, kutazama maji yaliyomwibia. Akaona gogo linaelea. Juu ya gogo kuna kitu kidogo kimelowa, kinatetemeka.

Akakivuta. Kilikuwa kitoto cha fisi.

Msije mkadhani hakujua. Alijua. Masikio ya duara, madoadoa, mgongo umeteremka kama paa la banda la kuku. Alijua vizuri sana. Akakitazama, kikamtazama. Akasema, "Hiki ndicho nilichosaziwa." Akakiita Masazo, akaenda nacho nyumbani, kinyumenyume.

Masazo akalelewa kingiri. Na wallahi alijitahidi, jamani.

Kwanza magoti. Magoti ya fisi si ya kupigwa hivyo. Watoto wa ngiri wanazaliwa na sugu magotini tayari, wanatoka nazo tumboni. Masazo hakuwa na sugu. Alipiga magoti yakachubuka. Akapiga tena yakatoka damu. Bi Mashavu akampaka tope, akampuliza, fuu, fuu, akamwambia, "Tena." Mwaka wa pili magoti yakaota sugu. Sugu nene, ngumu, nyeusi. Siku ile Bi Mashavu alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaonyesha majirani magoti ya mwanawe.

Kisha chakula. Ngiri wanakula majani na mizizi. Masazo alipiga magoti, akatafuna majani. Akatafuna, akatafuna, macho yamemtoka. Tumbo likasema guru, guru, guru. Akakonda. Bi Mashavu akaona. Kesho yake akaenda mbali porini, akarudi na mfupa mkavu wa nyumbu, akauweka mbele ya mwanawe.

"Mama, hiki nini?"

"Mzizi."

"Mbona mweupe?"

"Kuna mizizi myeupe. Kula, usiulize."

Masazo akapiga magoti, akashukuru, akauma. Kwacha! Mzizi ukapasuka vipande viwili, na tumbo lake likatulia kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Tangu siku hiyo Bi Mashavu alichimba mizizi myeupe mingi sana.

La tatu ni mlango. Kugeuka mlangoni alifundishwa na jirani yao, Mzee Tope. Mzee Tope alikuwa mpole, meno yamekatika, singa za shingoni zimekwisha. Kila asubuhi alisimama nje ya shimo lake na mtoto wa fisi, wanageuka pamoja, wanarudi nyuma pamoja. "Mkia kwanza, mjukuu wangu. Taratibu. Usiikanyage nyumba." Mke wake, Bi Vumbi, hakumpenda yule fisi, lakini alinyamaza kwa ajili ya mumewe.

Basi, mwaka wa nne, Mzee Tope akafa.

Kijiji chote kikakusanyika. Wakamlaza marehemu kwenye machela ya miti miwili. Wa kumbeba walikuwa wanne, kila mmoja aume ncha moja ya mti kwa meno. Ngiri hubeba hivyo. Lakini msafara haukuondoka, kwa sababu wazee wawili wa baraza walikuwa wanabishana nani atangulie mbele. Mmoja ni Mzee Chonge, mwenye meno marefu kuliko wote. Mwingine ni Mzee Singa, mwenye singa ndefu kuliko wote. Chonge alisema yeye ndiye wa ukoo mkubwa. Singa alisema yeye ndiye aliyefundwa taratibu za mazishi. Wakabishana, wakabishana, marehemu amelala tu juani.

Hapo ndipo sauti ikatoka. Hi-hi-hi-hiii.

Watu wakageuka. Masazo amepiga magoti mbele ya machela. Kichwa kimeinama. Mate yanamdondoka, to, to, to. Na anacheka. Hi-hi-hi-hiii.

"Anacheka," akasema mmoja.

"Anacheka na mate yanamtoka," akasema wa pili.

Bi Vumbi, mjane, akasikia. Akasimama. Akamkazia macho yule fisi.

Bi Mashavu akataka kuokoa jahazi, akamnong'oneza mwanawe, "Nenda ukabebe, wakuone una huruma." Masazo akaenda, akashika ncha ya mti mmoja kwa meno, kwa adabu zote. Msafara ukaondoka. Hatua ya kwanza, sawa. Hatua ya pili, sawa. Hatua ya tatu, mdomo wa fisi ukasikia kitu kigumu katikati ya magego yake, nao haujui kitu kingine cha kufanya na kitu kigumu.

Kwacha!

Mti ukakatika. Machela yakapinda. Mzee Tope akaanguka, akaanza kubingirika mteremkoni, gubu, gubu, gubu, kijiji kizima nyuma yake kinapiga mbio mikia juu, mpaka akakwama kwenye kijito bondeni. Wakamzika hukohuko. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumpandisha.

Kesho yake Bi Vumbi akaenda barazani. Akasema, "Namshtaki yule mtoto. Alicheka kwenye msiba wa mume wangu. Atoke kijijini."

Baraza likakaa. Bi Mashavu akaja na mwanawe, wakapiga magoti katikati.

Mzee Chonge akaanza. "Hii kesi haina maneno. Fisi ni fisi. Amecheka kwa sababu fisi hucheka. Amedondosha mate kwa sababu fisi hudondosha mate. Ni damu. Damu haifundishiki. Aondoke."

Mzee Singa akasimama. "Nakataa. Damu haimfundishi mtu lolote. Mtoto ni malezi. Huyu hakufundishwa kulia, basi. Mama yake alimfundisha kula, akasahau kumfundisha kulia. Kosa ni la mama. Na kama malezi hayana kitu, niambieni, haya magoti yametoka wapi?"

Wakamgeuza Masazo, wakakagua magoti. Wakayagonga kwa pua. Sugu, kweli sugu.

"Hizo za kununua," akasema Chonge. "Leteni mtoto wa juzi."

Akaletwa kitoto cha ngiri kilichozaliwa juzi, macho hakijafumbua, magoti hakijawahi kupiga. Wakakikagua. Kina sugu.

"Mnaona?" akasema Chonge. "Nani kamfundisha huyu? Damu."

"Na damu ilizipata wapi?" akauliza Singa. "Mababu zake walipiga magoti, wakapiga magoti, kizazi kwa kizazi, mpaka kupiga magoti kukaingia kwenye damu."

"Damu haina mlango wa kuingilia."

"Basi kuliingia kinyumenyume."

Watu wakaguna. Wengine walisema hapo Singa kasema. Wengine walisema hapo Singa kachoka. Kijiji kikagawanyika, huku watu wa Damu, huku watu wa Malezi. Mume na mke wakala mgongo kwa mgongo. Siku ya kwanza ikaisha wanabishana. Ya pili ikaisha. Siku ya tatu njaa ikawauma wazee wote wawili, na mzee mwenye njaa anatoa hukumu yoyote ile, bora aende akale.

Mzee Chonge akasema, "Tumekubaliana hivi. Mdomo ulicheka, mdomo ulidondosha mate, mdomo ulivunja machela. Mdomo ni wa damu."

Mzee Singa akasema, "Na magoti yalikuwa yamepigwa muda wote, kwa heshima. Magoti ni ya malezi."

Wakasema pamoja, "Kwa hiyo mdomo uhame, magoti yabaki."

Bi Mashavu akainua kichwa. "Na shingo je, wazee?"

Hawakuwa wameifikiria shingo. Wakakaa tena mpaka jua likazama. Wakatoka wakasema, "Shingo ni mpaka."

Mnacheka. Chekeni tu. Wenzenu wale walisema hivyo uso umekauka, hata tabasamu hakuna.

Tena wakaongeza masharti. Mdomo ukae nje ya kijiji siku saba. Asiupe chakula mtu yeyote. Ukicheka hata mara moja ndani ya siku hizo, basi magoti nayo yaufuate, na kila kitu kilicho kati yake. Siku ya saba baraza litakaa kuamua.

Masazo alikuwa mtoto mtiifu. Hakuuliza mtu anahamaje mdomo akabaki magoti. Akaenda nyumbani kwao, shimo la mwisho kabisa mpakani mwa kijiji. Akageuka, akatanguliza mkia, akarudi nyuma, su, su, su, akasimama shingo ilipofika kwenye kizingiti. Mwili ndani, kichwa nje. Akalala hapo. Hukumu ikawa imetekelezwa.

Watoto wakaja kuuangalia mdomo uliofukuzwa. Wakubwa waliokuja kumtembelea Bi Mashavu walikiruka kile kichwa bila kukisalimu, wakafika ndani wakayaamkia magoti. "Hamjambo magoti?" Magoti yangejibu nini? Yalinyamaza.

Na chakula, Bi Mashavu hakumpa mwanawe. Sheria ni sheria. Ila kila asubuhi alipita mlangoni na mfupa mdomoni, na kila asubuhi mfupa ulimponyoka mahali palepale, mbele ya pua ya mwanawe. "Lo," alisema, "nimezeeka mimi," akaenda zake.

Siku ya sita alikaa chini karibu na kichwa cha Masazo. Alikuwa hajalala vizuri tangu hukumu itolewe.

"Mama," akasema Masazo, "nisicheke?"

"Usicheke."

"Na nikitaka kulia?"

Bi Mashavu akatazama majani. "Usilie pia, mwanangu. Kesho tu, halafu yataisha."

"Wakinifukuza, utakuja nami?"

"Nitakuja."

"Kwa fisi?"

"Kwa fisi."

"Mama, fisi watakula wewe."

"Najua."

"Basi usije," akasema Masazo.

Bi Mashavu alikuwa amekwisha kuibiwa watoto na maji, sasa alikuwa anaibiwa na wazee wawili wenye kiburi. Akamsafisha mwanawe masikio kwa ulimi, ingawa masikio ni juu ya shingo na yalikuwa yamehama.

Siku ya saba ikafika. Baraza likaja kukaa nje ya shimo la Bi Mashavu. Kijiji kizima kikaja.

"Mdomo haukucheka," akasema Singa. "Umefundishika. Malezi yameshinda."

"Haukucheka kwa sababu haukuona maiti," akasema Chonge. "Damu imelala tu."

"Malezi."

"Damu."

"Malezi!"

Sauti zikapanda. Watu wa Damu wakapiga kelele, watu wa Malezi wakapiga kelele zaidi. Ngiri aliyekuwa zamu ya kulinda juu ya kichuguu akasikia, akaona ana maoni. Akashuka kwenda kuyatoa.

Ng'ambo ya korongo Chui alikuwa amelala. Kelele zikamwamsha. Akasikiliza. Akajisemea, "Ngiri wote wako mahali pamoja, na hakuna anayetazama huku." Akajinyoosha. Akashuka korongo, nyata, nyata, nyata. Akapanda ng'ambo, nyata, nyata.

Bi Vumbi ndiye aliyemwona, kwa sababu yeye peke yake alikuwa habishani. "Chui," akasema.

Mikia wima! Watu wakatimka. Mashimo yao yalikuwa mbali, shimo la Bi Mashavu liko hapa, kila mtu akalikimbilia hilo. Wakakuta kichwa cha fisi mlangoni.

"Shikamooni," akasema Masazo. Akatoka, akasimama pembeni. "Karibuni. Geukeni."

Akina mama wakageuka wakaingia. Vijana wakageuka wakaingia. Mzee Singa akajitupa kichwa mbele, Masazo akamwangalia tu, mzee akaona aibu, akatoka, akageuka. Mzee Chonge hakugeuka. Akazama kichwa kwanza, pua imezama kwenye udongo mwisho wa shimo, miguu ya nyuma inawapiga wenzake usoni. Shimo la watu wawili likajaa watu kumi na wanne. Bi Mashavu akaingia. Bi Vumbi, miguu yake mizito, akawa wa mwisho. Masazo akamngoja. Chui anakuja mbio, yeye anamngoja bibi ageuke taratibu, asiikanyage nyumba. Ndipo naye akageuka, akajibana, shingo ikakaa kwenye kizingiti, maana hukumu ilikuwa bado haijafutwa.

Ndani giza. Bi Vumbi yuko nyuma yake kabisa, shavu lake kwenye mgongo wa fisi. Akasikia mgongo unatikisika. Kisha akasikia ile sauti. Hi-hi-hi-hiii.

"Unacheka hata sasa?" akanong'ona.

"Sicheki, bibi. Ndivyo ninavyolia. Nikiogopa ni hivyohivyo. Sina sauti nyingine."

Bi Vumbi akapenyeza pua mbele, akagusa uso wa Masazo. Ulikuwa umelowa machozi. Bibi akairudisha pua yake polepole.

Chui akafika. Akainama kuchungulia shimo la ngiri, akakutana uso kwa uso na fisi. Akarudi hatua moja.

"Hodi," akasema Chui, maana hakujua aseme nini.

"Karibu," akasema Masazo, anatetemeka. "Geuka."

"Nigeuke nini?"

"Mgeni hapa anaingia kinyumenyume. Mkia kwanza. Uniwie radhi kwamba nazungumza nawe mlangoni, mdomo wangu umehamishwa. Ila magoti yangu yako ndani, nayo yamepigwa kwa heshima yako."

Chui hajawahi kukaribishwa mahali popote maishani mwake. Akafikiri. Akatazama meno ya fisi, akaona kuyapita uso kwa uso ni balaa. Akafikiri tena. "Huyu ni mjinga. Nikimfuatishia ujinga wake, atanipisha. Na humo ndani kuna ngiri wengi, wamejaa kama kunde kwenye ganda." Basi Chui akageuka. Akatanguliza mkia. Akaanza kurudi nyuma, su, su, su, anajiona mjanja kweli.

Mkia ukaingia mlangoni. Mkia mrefu, wenye mfupa mzuri katikati. Ukapita mbele ya pua ya Masazo. Ukamgusa mdomo.

Kwacha!

Chui aliruka, hakuna aliyewahi kuona chui akiruka hivyo. Alilivuka korongo bila kukanyaga chini. Mpaka leo anajitazama nyuma anapokaa. Masazo akabaki mlangoni na kipande cha mkia katikati ya meno, ameshangaa kuliko wote.

Wakatoka mmoja mmoja. Mzee Chonge ilibidi avutwe miguu. Wakakizunguka kile kipande.

"Ulimtega?" akauliza Singa.

"Sikumtega, babu. Nilimkaribisha kwa moyo wote. Magoti yalisema karibu, mdomo ukasema asante."

Mngedhani hapo wazee wangemkumbatia. Nyie hamuwajui wazee wa Kichuguuni. Chonge alitema udongo, akasema, "Mmeona. Meno ndiyo yaliyotuokoa. Damu."

"Bila adabu Chui asingegeuka," akasema Singa. "Malezi."

"Mdomo ni shujaa. Urudi kijijini leo."

"Urudi, sawa. Lakini ulicheka. Wote tumeusikia humo ndani, na siku saba hazijaisha. Tulisema ukicheka, magoti yaufuate."

Wazee wakatazamana. Wakafikiri. Wakakunjua nyuso, kwa maana kwa mara ya kwanza walikuwa wamekubaliana bila njaa. Wakasema pamoja, "Mdomo ubaki, magoti yahame."

Masazo masikini akaanza kuingia shimoni kichwa mbele, ili kiuno na magoti vibaki nje. Bi Mashavu akamshika mguu.

"Basi," akasema. Hakupaza sauti. "Mmeniuliza wiki nzima kipi ni cha damu na kipi ni cha malezi. Mimi ndiye niliyempaka tope magotini, na mimi ndiye niliyemchimbia mifupa. Miaka minne ninamtazama huyu mtoto mchana na jioni, na sijaona mshono ulipo. Mkiuona nyie, nionyesheni, nishike upande wangu."

Wazee wakamtazama Masazo. Wakamzunguka. Wakatafuta mshono. Naapa walitafuta, hata chini ya tumbo walichungulia.

Ndipo Bi Vumbi akaja mbele. Watu wakampisha, maana kesi ilikuwa yake.

"Mimi ndiye niliyeshtaki," akasema. "Niliposhtaki sikujua. Leo nimekigusa kicheko chake, kimelowa. Siku mume wangu alipolala pale juani, nyie wawili mlikuwa mnagombea kutangulia. Ninyi wengine mlikuwa mnawatazama hawa wawili. Mtu mmoja tu alimlilia mume wangu. Nami nikataka afukuzwe."

Mzee Singa alitazama chini. Mzee Chonge alikuwa na udongo masikioni, akamwomba jirani yake amrudilie maneno, jirani akamrudilia, naye akatazama chini.

Bi Vumbi akamgeukia Masazo. "Twende bondeni, mjukuu wangu. Siku ile hukumaliza kumlilia."

Wakashuka mpaka kwenye kijito, pale Mzee Tope alipokwama. Kijiji kikawafuata nyuma, hakuna aliyegombea kutangulia. Masazo akapiga magoti kwenye tope. Bi Vumbi akapiga magoti kando yake. Bi Mashavu akapiga magoti upande wa pili. Mate yakamdondoka Masazo, to, to, to. Akafungua mdomo wake, akamlilia Mzee Tope, hi-hi-hi-hiii, hi-hi-hi-hiii, bonde likaitika.

Na ngiri wote wakalia.

Sasa nisikilizeni, hasa nyie wenye watoto. Mtoto anakuja na damu yake, hamkuichagua. Mnampa malezi yenu, naye hakuyachagua. Vikishaingiana humo ndani vinamfanya mtu mmoja, na hakuna baraza litakalokaa likajua kipi kinaishia wapi na kipi kinaanzia wapi. Kwa hiyo usimpende mtoto magoti ukamchukia mdomo. Na ukisikia sauti usiyoijua inatoka kwake, mguse kwanza shavu kabla hujaenda kumshtaki.

Hadithi yangu imekomea hapo, kwenye tope la bondeni. Aliyesinzia akamuulize jirani yake, na jirani akimdanganya, shauri yao wawili.